Pakanga saa kumi na mbili jioni

"Baba, leo tena ile dawa yako?"

Mama watoto anauliza kutoka jikoni, na mafuta yameshaanza kulia kwenye kikaango. Sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, zimeoshwa, zimekolezwa chumvi na ndimu, zinangoja zamu yao. Mimi niko barzani nabandua ganda la chungwa kwa kisu kidogo. Chini yetu ni mabati ya mtaa wa Nguba, baada ya mabati ni ziwa Kivu, na ng'ambo ya ziwa taa za kwanza za Rwanda zinawaka moja moja. Jua la Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, halijui kuaga: ukigeuka kumwita mtoto, ukirudi limekwenda. Lakini kabla giza halijakaa sawasawa ipo nusu saa hivi isiyo mchana wala usiku, kazi zimeisha na bugali haujasongwa. Kwa miaka mingi niliipoteza nusu saa hiyo nikiuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Siku hizi naikalia na glasi.

Ndani ya glasi mna vermouth. Neno hilo ukilitamka kwenye butiki yoyote ya mtaani kwetu watakutazama tu. Sema "Martini" na mwenye duka anainua mkono hadi rafu ya juu bila hata kugeuka. Martini ni jina la nyumba moja tu ya watengenezaji wa Italia kati ya nyingi, ila kwetu limemeza kinywaji kizima, kama ambavyo kila dawa ya meno ni Colgate. Na jina hilo lina mtego wake. Mara ya kwanza nilipofika Nairobi kwa kazi, niliagiza Martini hotelini kwa sauti ya mtu anayejua mambo, nikaletewa glasi ya mguu mrefu yenye pombe kali ya gin na zeituni moja imezama chini kama jicho. Kule, na kwenye sinema, martini ni gin iliyochanganywa na vermouth kidogo. Kwetu tuliolelewa na Kifaransa, Martini ni chupa yenyewe. Niliimaliza kwa aibu. Juu ya michanganyiko sina zaidi ya hapo la kusema. Wenye nayo wapo.

Kwetu chupa hiyo ni ya heshima. Inakuja na dote, yaani mahari, inakuja na harusi, inakuja na komunyo ya kwanza ya mtoto. Akina mama hupewa kwa sababu ni tamu. Wanaume hujifanya hawaitaki na kurudi kwenye bia zao za Primus. Ikibaki nusu inafungwa na kuwekwa kwenye kabati la vioo sebuleni, karibu na sahani ambazo hakuna aliyewahi kuzilia na picha ya ndoa, na hapo inakaa. Kwa jamaa mmoja ambaye simtaji, nimeshaonja Martini iliyofunguliwa siku ya komunyo ya mtoto wa kwanza na kumiminwa tena siku ya ubatizo wa mtoto wa nne. Rangi ilikuwa ya chai iliyolala, harufu ya zabibu kavu zilizosahauliwa mfukoni, na nyuma yake siki. Tukanywa. Ungefanya nini? Mwenyeji amesimama mbele yako anatabasamu.

Jamaa hana kosa. Hakuna aliyetuambia kwamba vermouth ni divai. Kwa kuwa inakaa rafu moja na wiski, tunadhani ni ya ukoo wa wiski, haiharibiki. Kumbe sheria za Ulaya zenyewe zinataka angalau asilimia 75 ya kilichomo kiwe kimetokana na divai. Kilichobaki ni pombe ya kuitia nguvu, sukari, na ladha ya mitishamba. Kileo chake kinaanzia asilimia 14.5 na hakifiki 22, yaani juu kidogo ya divai ya kawaida na mbali kabisa na kanyanga, pombe yetu kali ya kienyeji. Divai ikishapigwa na hewa inaanza kufa. Hii, kwa kuwa imetiwa nguvu, inakufa taratibu: kwenye frigo, mwezi mmoja, pengine miwili, bado ina maneno. Kabatini kando ya dirisha la jua, usiulize. Na ile nyekundu mnayoipenda, mara nyingi sana ni divai nyeupe iliyopakwa rangi ya sukari iliyounguzwa. Siku nilipojua hilo nilijihisi kama nimeambiwa siri ya familia.

Aliyenifungua macho ni baba yangu, na wala hakukusudia. Mzee alifanya kazi ya kinini maisha yake yote. Wasomaji wa mbali wanisamehe nikieleza: Bukavu ni mji wa kinini, ile dawa ya malaria inayotoka kwenye ganda la mti. Wabelgiji walipanda miti hiyo kwenye milima ya Kivu wakati mji ukiitwa bado Costermansville, na vita vya pili vya dunia vikaipa thamani mpya, maana Java, iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa kabisa ya kinini cha dunia nzima, iliangukia mikononi mwa Wajapani mwaka 1942. Mti wenyewe si wa Java wala wa kwetu. Ulitoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na waliofaulu kuitoa dawa ndani ya ganda lake ni Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, mwaka 1820. Sisi tuliukuta umeshasimama mlimani, tukauzoea kama mwarubaini unavyozoewa na watu wa pwani. Mtu wa hapa ukimtajia Pharmakina, kiwanda cha kinini, hakuulizi ni nini.

Baba alikuwa wa shambani. Wanaangusha mti, wanagonga shina, wanabandua ganda, wanalianika mpaka linajikunja kama mdalasini. Alirudi jioni na harufu ile kwenye koti. Sisi watoto tuliijua ladha yake kabla ya kujua kusoma: ukipata homa unapewa kinini, ukipewa kinini unalia. Mama alikificha ndani ya ndizi. Uchungu ulipenya ndizi ukatangulia kufika ulimini. Na asiyeamini vidonge alikuwa nyanya, mzaa mama, wa kule Walungu. Yeye alitwanga majani ya mubirizi, akakamua, akakusimamia mpaka tone la mwisho, kisha akakuamuru ufungue mdomo ahakikishe. Kati ya mtoto wa ndizi na mtoto wa mubirizi sijui nani aliteseka zaidi. Nilikuwa wote wawili.

Basi kwenye dote ya dada yangu, upande wa wakwe walileta Martini nyekundu. Baba akapewa glasi, kwa kuwa ni siku yake. Hakunywa. Aliinusa kwanza, kama alivyokuwa akinusa ganda shambani kujua kama limekauka, akaonja kidogo, akanyamaza. Watu walidhani anafikiria ng'ombe. Kisha akaniinamia sikioni: "Mwanangu, hili ni ganda letu. Wamelitia sukari lisitambulike."

Nilicheka, nikasema mzee amechoka. Ilipita miaka kabla sijajua kwamba hakukosea hata kidogo. Nyumba za vermouth huficha mapishi yao kama waganga, lakini ganda la mti wa kinini ni kati ya vitu vinavyotumika sana humo, pamoja na maganda ya machungwa, karafuu, iliki, mdalasini, vanila, mizizi na majani ya kila aina. Kile tulichokuwa tukiwapa akina mama kwa sababu ni kitamu kimejengwa juu ya uchungu, na sukari ni kitenge kilichofungwa juu yake.

Jina lenyewe linasema hivyo hivyo kwa anayelisikia. Vermouth ni namna Wafaransa walivyolitamka neno la Kijerumani, Wermut, na Wermut ni mmea ambao Biblia yetu ya Kiswahili inauita pakanga. Ndiyo, Pakanga ile ile, nyota ya Ufunuo inayoanguka na kuyageuza maji kuwa machungu. Nilipomweleza mdogo wangu, ambaye ameokoka na hagusi kileo, alinitazama kwa huruma. "Kaka, kwa hiyo ile nyota ndiyo unayoimiminia barafu." Sikuwa na jibu. Nilimtengenezea toniki na ganda la chungwa, akakubali kwamba angalau ganda linanukia vizuri. Sikumwambia kuwa hata toniki ina kinini, aliona mwenyewe kwa ulimi, akakunja uso, akasema: "Hii ni utoto wetu."

Pakanga ni ya jamii ya artemisia, na hapo pia Bukavu haina ugeni. Pita Bagira, pita Panzi, utakuta mtu ana vichaka vyake vya artemisia nyuma ya nyumba, anachemsha chai ya homa. Hiyo ni binamu tu, ile ya Kichina, ambayo mama mmoja mtafiti, Tu Youyou, aliitumia kupata dawa ya malaria akatunukiwa Nobel mwaka 2015. Nalisema hili kwa sababu kila ninaposimulia habari hii kwenye nganda (baa), hakosi mmoja wa kuuliza kama basi Martini inatibu malaria. Hapana, mzee. Pakanga ya kwenye chupa si ile, na kinini kilichomo ni cha ladha. Ukiwa na homa nenda upimwe damu, glasi itakungoja.

Waliotia mitishamba kwenye divai ni wengi tangu kale, kwa tumbo na kwa minyoo, lakini mji uliotoa dawa kwenye duka la dawa na kuiweka mezani ni Turin, kaskazini mwa Italia. Ndugu wawili wa ukoo wa Cinzano walianza huko mwaka 1757. Mwaka 1786 Antonio Benedetto Carpano akaanza kuuza ya kwake, na watu wengi huhesabu vermouth ya kisasa tangu siku zake. Nyumba ya Martini, kwa jina kamili Martini & Rossi, ilikuja karne iliyofuata. Mwenye ujuzi wa mitishamba humo alikuwa Rossi, yule ambaye jina lake sisi hatulitaji. Wafaransa wakashika njia ya ukavu. Joseph Noilly alianza na ya kwake mwaka 1813, na hadi leo vermouth yenye jina lake inapitia Marseillan, karibu na bahari, ambako mapipa ya divai huachwa nje mwaka mzima, jua lao, mvua yao. Nampenda mtu aliyefikiria jambo hilo. Kile tunachokifanya bila kujua kwenye kabati la vioo, wao wanakifanya makusudi, ila kabla ya chupa kuzibwa.

Tofauti ya kavu na tamu si ya maneno. Ile wanayoiita tamu ina gramu 130 za sukari au zaidi kwa lita, yaani inaizidi soda. Kavu iko chini ya 50, na kavu kabisa chini ya 30. Nimejaribu kuwapa wageni ile kavu kabisa bila kuwaonya. Usifanye hivyo kwa mama mkwe.

Lakini kujua yote haya hakukunifundisha kunywa. Aliyenifundisha ni mupe mmoja mzee, padri Mwitaliano, aliyekaa Kivu mpaka Kiswahili chake kikawa cha Kadutu kabisa, pamoja na matusi yake madogo madogo. Nilikuwa namsaidia kupanga vitabu vya parokia. Saa kumi na mbili kamili alifunga daftari, neno likiwa nusu. Akatoa chupa kwenye frigo, siyo kabatini, nikashangaa. Akamimina vidole viwili, akajaza barafu, akaongeza maji ya gesi kidogo, kisha akakunja kipande cha ganda la chungwa juu ya glasi mpaka mafuta yake yakaruka kama vumbi. Mimi nikabugia kama bia. Akanishika mkono. "Polepole, kijana. Hii haijazi tumbo. Hii ni ufunguo." Akaeleza kwamba aperitivo ya kwao na apero ya Wafaransa, kinywaji cha kabla ya chakula, zimetoka kwenye neno la Kilatini la kufungua. Unafungua tumbo, unafungua mdomo, watu waongee. Chakula kikifika ufunguo unarudi mfukoni.

Nilichokuwa sijakijua ni kazi ya baridi. Utamu ule wa harusini, ukipozwa, unarudi nyuma, na uchungu unasogea mbele. Mate yanajaa mdomoni, koo linapoa, na ghafla unataka kula. Nilikuwa nimekunywa Martini labda mara thelathini maishani, kila mara vuguvugu, kila mara baada ya kushiba wali na kuku. Ni kama kumpa mtu ufunguo akiwa ameshaingia ndani. Nikameza tena, na nyuma ya ganda la chungwa nikaikuta ndizi ya mama. Nikacheka peke yangu. Mupe alidhani nimelewa.

Wahispania, hasa wa upande wa Katalonia, ambako mji wa Reus unatengeneza vermouth kwa vizazi, hawangoji jioni. Yao ni Jumapili mchana, kati ya misa na chakula, na wana jina kabisa la saa hiyo: saa ya vermouth. Barafu, kipande cha chungwa, zeituni, samaki wadogo wa chumvi. Niliposoma hivyo niliona uwanja wa Kanisa Kuu la Notre-Dame de la Paix baada ya misa ya asubuhi, watu wamesimama na viatu vya kung'aa, wanasalimiana mara tatu tatu, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Saa ya vermouth tunayo. Tumekosa vermouth tu.

Na samaki wadogo tunao. Hapa ndipo ninapojivuna. Zeituni Bukavu ni anasa ya kopo, sizihitaji, nina sambaza. Saa ile ile ninapoketi barzani, wavuvi nao ndio wanatoka: mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, nguzo ndefu zimetoka mbele kama pembe za mdudu, taa za kuvutia samaki, na sauti zao za kupigia kasia zinapanda mpaka kwetu upepo ukitaka. Kinachovuliwa usiku kinauzwa alfajiri, na jioni kiko kwenye kikaango cha mama watoto, kizima, kichwa na mkia, kikikauka mpaka kinavunjika kama biskuti. Sambaza wenyewe hawakuzaliwa ziwa hili. Walihamishwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sasa nenda kamwambie mtu wa Bukavu kwamba ni wageni. Chumvi ya sambaza, ndimu, pilipili ya kusaga kidogo, halafu mkupuo mdogo wa vermouth baridi: utamu unaikamata pilipili, uchungu unasafisha mafuta, na mkono unarudi kwenye sahani wenyewe. Fromaji ya Masisi iliyokatwa vipande vidogo inafaa pia. Karanga, ndiyo. Mishikaki ya mbuzi, hapana. Iacheni na bia yake, wamezoeana.

Barafu ndiyo vita. Umeme ukiwepo nagandisha maji yaliyochemshwa kwenye vikopo vya yoghurt, vipande vikubwa ambavyo havikimbilii kuyeyuka. Umeme usipokuwepo, yaani siku nyingi, naizungushia chupa kitambaa kilicholowa na kuiweka ukingoni mwa barza, upande wa upepo. Tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, jioni zetu zina baridi yake. Saa mbili za upepo wa ziwa zinafanya kazi ambayo frigo ilikataa. Chungwa chukua la kwetu, la ngozi ya kijani, lioshwe vizuri, ubandue ganda bila ile nyama nyeupe. Maji ya gesi kidogo tu. Kama hakuna, acha. Kipimo changu ni kikombe kidogo cha kahawa na hakiongezeki. Mtu anayetaka cha pili namwambia bugali uko tayari, hata kama haujawa.

Wapo wanaoniuliza kama huu ndio wakati wa kuandika habari za vinywaji. Nawaelewa. Tangu Februari 2025, vita vilipoingia mjini, jioni zetu zimefupishwa. Giza likiingia kila mtu anataka kuwa ndani ya geti lake, na nganda nilizokuwa nikipitia nikitoka kazini sizipitii tena. Labda ndiyo maana naishika hivi nusu saa ya barzani. Marafiki waliokuwa wakinisubiri mjini sasa ni majirani wawili wanaovuka uzio, mmoja na karanga zake, mwingine na habari zake. Tunaongea polepole. Ziwani taa za wavuvi zinaongezeka, na bado wanatoka.

Baba sasa anakaa nasi. Macho yamepungua, pua iko palepale. Kila Jumapili namletea glasi yake, kidole kimoja tu kwa amri ya daktari, na kila Jumapili anaanza na kunusa. Wiki iliyopita nilikuwa nimepata chupa tofauti, ya nyumba nyingine, kutoka kwa mtu aliyevuka mpaka. Sikumwambia. Aliinusa, akaonja, akakaa na ile ladha kwa muda mrefu hata nikadhani amesinzia.

"Hawa ganda wameweka dogo," akasema. "Wamebana."

Kisha akaninyooshea glasi. "Ongeza barafu. Na mwambie mke wako sambaza zinaungua."

Zilikuwa zinaungua kweli.